Kesi ya Kichanga Aliyeiba Ng'ombe Hamsini

Daftari la mahudhurio la darasa la nne lilikuwa na majina hamsini na nane. Jumatatu moja niliyaita yote, la kwanza hadi la mwisho, wakaitika tisa. Waliobaki walikuwa machimboni wakiosha mchanga. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, mwaka wangu wa kwanza kazini, na hasira zangu zilikuwa karibu sana na mdomo. Nilipiga daftari mezani, nikawafokea wale tisa kana kwamba wao ndio waliotoroka, kisha nikaenda nyuma ya choo cha walimu nikalia. Niliporudi nilikuta mmoja wao amenifutia ubao.

Hiyo ilikuwa miaka ya rashi, kama watu walivyouita ule mkurupuko wa dhahabu. Ilianza upande wetu wa Tarime, halafu watu wakaifuata dhahabu kilima kwa kilima hadi wilaya ya Serengeti. Kenyamonta, nilikopangiwa kazi, palikuwa mahali pa mtama, mihogo na ng'ombe. Ndani ya miezi michache pakajaa vibanda vya turubai, wakaanga chapati, mafundi redio, na vijana kutoka Kenya waliovuka mpaka wa Sirari na Kiswahili chao cha mbio. Wanaume walishuka kwenye maduara, yale mashimo marefu ya kuchimbia mawe, na watoto wakapata kazi ya kushika beseni kwenye maji. Mtoto aliyeosha mchanga kutwa alirudi jioni na soda mkononi na kandambili mpya. Mimi nilikuwa na chaki tu.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini kwake. Alikuwa mpole, mtu wa kusema maneno mabaya kwa sauti ya kuomba radhi. "Mwalimu, wilayani wameuliza habari za darasa lako," alisema. "Kama mwisho wa muhula nusu yao hawajarudi, litaunganishwa na la tatu. Na wewe utahamishwa." Nikauliza nitahamishwa kwenda wapi. Akasema hajui, ila ni mbali.

Sikutaka kwenda mbali. Nilikuwa nimekwisha kuipenda Kenyamonta, ingawa nilijifanya naivumilia. Lugha yao na Kikurya cha kwetu zilielewana vya kutosha kutukanana kwa upendo, na wale watoto hata walipokuwa watoro walinisalimia njiani wakiwa wameloa matope hadi masikioni, bila aibu yoyote. Niliwataka warudi. Nilikuwa tayari kufanya hila.

Ijumaa hiyo nilipanda gari kwenda nyumbani, Nkende. Kesho yake nilipita Nyamisangura kwenye duka la vifaa vya shule la mzee mmoja Mwislamu, ambaye babu yake alitoka Pwani lakini yeye mwenyewe alizaliwa palepale Tarime. Nilitaka karatasi kubwa na sikuwa na uwezo wa kununua. Alinitolea furushi la kalenda za ukutani za mwaka uliopita, pana kama meza, nyuma nyeupe kabisa. "Chukua, mwanangu," alisema. "Mwaka umeshapita huo, nitamuuzia nani?"

Nilikuwa nachora tangu utoto. Nimechapwa kwa kuchora ukutani kwa mkaa, na nimechapwa tena kwa kuchora yule aliyenichapa. Chuoni nilikuta kitabu kikuukuu cha Kiingereza, jalada limeng'oka, chenye hadithi za miungu ya Wagiriki wa kale, nikazisoma zote badala ya saikolojia ya elimu. Sasa nikakaa jikoni kwa mama na wino na penseli, nikakata zile kalenda, nikazichora hadithi hizo kwa Kiswahili chepesi: kila ukurasa visanduku sita, watu ndani ya visanduku, na maneno yao ndani ya viputo juu ya vichwa. Wagiriki wangu walivaa lubega kama wazee wa kwetu kwa sababu sikujua kuchora nguo nyingine yenye mikunjo. Nikashona kurasa kwa uzi wa magunia.

Kitabu cha kwanza kilimhusu mtu mwenye kichwa cha fahali aliyefungiwa kwenye jumba la vichochoro. Niliweka sheria mbili. Kitabu hakitoki nje ya darasa, na asiyeitika jina asubuhi hakigusi. Halafu kila siku nikakatiza hadithi mahali pabaya kuliko pote. Jumanne walikuwa tisa. Ijumaa walikuwa ishirini na wawili, na wawili kati yao walikuja na mabeseni yao.

Sikutegemea kwamba wangenibishia. Nilidhani wataogopa yule mtu-fahali; wao walimhurumia. "Mwalimu, wamemfungia zizini hawampi majani," alisema mmoja. "Lazima awe mkali." Kitabu cha pili kilikuwa cha mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele, ambaye ukimtazama unageuka jiwe. Msichana mmoja akauliza husukwa na nani, maana msusi lazima amtazame. Wakajadiliana, wakaafikiana kwamba anasukwa na kipofu. Nilicheka hadi nikakaa chini. Tulipomaliza kitabu hicho daftari lilikuwa na waitikiaji arobaini na mmoja, na mwalimu mkuu akaanza kupita dirishani kwangu bila sababu.

Ndipo nikachora cha tatu. Nilisema moyoni, hawa ni watoto wa wafugaji, niwape hadithi ya ng'ombe. Sikufikiri zaidi ya hapo, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu.

Hadithi yenyewe ni hii. Kichanga cha kimungu kinazaliwa asubuhi. Mchana kinatoka kitandani, kinamkuta kobe, kinatengeneza chombo cha nyuzi kutokana na gamba lake. Jioni kinakwenda malishoni kwa kaka yake, mungu mkubwa, kinaiba ng'ombe hamsini. Ili wasifuatwe, kinawaswaga kinyumenyume, nyayo zionekane zinakwenda huku wakati wao wanakwenda kule, na chenyewe kinavaa viatu vya matawi kisijulikane ni nani. Kinachinja ng'ombe wawili, kinarudi kujifunga nepi. Kaka anapokuja juu kwa hasira, kichanga kinamwambia, mimi? Mimi nimezaliwa jana. Kesi inapelekwa kwa baba yao, baba anacheka. Kisha kichanga kinapiga kile chombo, na kaka anapenda muziki kiasi kwamba anachukua chombo na kusamehe kundi zima.

Darasa lilipiga makelele. Kisanduku cha ng'ombe wakirudi nyuma walikiangalia hadi karatasi ikalegea. "Haiwezekani," walisema nusu. "Kwa maksai inawezekana," walisema nusu nyingine, kwa kuwa maksai wa plau hufundishwa kurudi nyuma wanapogeuza mwisho wa shamba. Nikasema haya, fungeni kitabu, nendeni mkale.

Walirudi saa nane. Watatu walichelewa, wawili wavulana na msichana mmoja, wakaingia wakitokwa jasho. Yule msichana alikuwa na majani katikati ya vidole vya miguu. Nililiona hilo, nikaendelea na sehemu na desimali.

Haikupita hata nusu saa, yowe likapigwa.

Ambaye hajakulia kwetu hawezi kujua yowe ni nini. Likipigwa la wizi wa ng'ombe, mwanaume yeyote mwenye miguu anatoka, awe anakula au anaoga, na asiyetoka ataulizwa. Kupitia dirishani niliwaona wakimiminika: wakulima na majembe, wazee na mikuki, na wachimbaji wakipanda kutoka kwenye maduara, weupe kwa vumbi la mawe, na nyundo zao. Soko la chapati likabaki na moshi tu. Watoto wote walikimbilia madirishani isipokuwa watatu, ambao walikuwa wakizisoma desimali kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwao.

Kisha ng'ombe akalia. Alilia karibu sana, upande wa lile darasa jipya ambalo kuta zilisimama bila paa. Nilikwenda kuchungulia. Maksai wanne walikuwa ndani, wametulia, wakila matembele ya mwalimu mkuu aliyoyapanda humo kwa kuwa palikuwa na uzio wa bure.

Niliwatambua. Walikuwa wa mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee mrefu ambaye sikuwahi kumwona akicheka. Yule msichana wa majani vidoleni alikuwa mjukuu wake. Na kila mtu Kenyamonta alijua habari ya yule mzee: miaka miwili nyuma ng'ombe wake kumi na wanne waliibiwa, nyayo zikafuatwa hadi kwenye miamba ya mtoni, zikaishia hapo. Hawa wanne walipona kwa sababu siku hiyo walikuwa wameazimwa na jirani kulima. Ndio pekee aliokuwa nao duniani.

Nilitoka nikasimama mlangoni. Umati ulikuwa umeshafika uwanjani, na yeye yuko mbele, ameinama, anasoma ardhi. Baadaye niliambiwa ilivyokuwa. Alirudi kwake akakuta zizi tupu na nyayo zote zinaingia, hakuna hata moja inayotoka. Watu wakaanza kusema uchawi. Yeye alichuchumaa, akatazama muda mfupi tu. Ng'ombe akienda mbele ncha ya kwato ndiyo inachimba, lakini hapa kisigino ndicho kilichozama. Halafu akaonyesha mavi: ng'ombe gani anakanyaga mavi yake mwenyewe yangali moto, miguu ya nyuma kwanza na ya mbele baadaye? Akasimama, akafuata nyayo kinyume moja kwa moja hadi shuleni kwangu.

"Shikamoo, mzee," nilisema. "Ng'ombe wapo humu, wote wanne, ni wazima. Kosa ni langu."

Alinipita, akaingia, akampapasa kila mmoja shingoni na mbavuni kama anayehakikisha si picha. Nimekasirikiwa na watu wengi maishani na nimewarudishia, lakini siku hiyo niliona aibu tupu.

Jumamosi asubuhi wazee wa kamati waliketi darasani kwangu, kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Wachimbaji na akina mama walijazana madirishani. Mwenyekiti alisimama. Hakupaza sauti.

"Niliposikia zizi liko kimya," alisema, "nilidhani wamerudi kumalizia. Nilikaa chini. Mimi, mtu mzima, nilikaa chini kwenye mavi. Halafu naambiwa ni mchezo, umetoka kwenye kitabu, na kitabu kinasema mwizi alisamehewa akapewa na ng'ombe. Watoto wetu wanafundishwa hayo hapa. Kitabu kichomwe, na mwalimu arudishwe alikotoka."

Mwalimu mkuu alianza kuomba radhi kwa pande zote mbili. Mimi nilisimama nikasema wanichome mimi kwanza, kauli ambayo haikusaidia. Mama mmoja dirishani alisema mwanawe alikuwa ameacha mialo, yale mabwawa ya kuoshea mchanga, kwa ajili ya kitabu hicho, je, wakikichoma watamrudisha kwenye beseni? Kukawa na kelele.

Aliyetuokoa alikuwa mzee mdogo wa umbo, asiye na meno ya mbele, mpigaji wa litungu, kinanda chetu cha nyuzi, maarufu kuliko wote kata nzima. "Mura," alimwambia mwenyekiti, yaani kijana, maana walitahiriwa pamoja na aliweza kumwita hivyo mbele ya watu, "tumeanza lini kuhukumu mtu ambaye hatujamsikia? Kitabu kisomwe. Na asome huyo aliyekwenda kukijaribu."

Mjukuu akaletwa. Alisimama mbele ya babu yake, karatasi ya kalenda ikiwa kubwa kuliko yeye, akaanza kusoma kwa sauti nyembamba, na mimi nikiwaonyesha wazee kila kisanduku kwa fimbo. Nilitazamia kimya cha mahakama. Sikukipata.

"Amezaliwa asubuhi?" alikatiza mzee wa kwanza. "Amekula nini hadi apate nguvu?"

"Mama yake ni wa ukoo gani?" aliuliza wa pili.

"Hamsini peke yake! Anawatangulia au anawafuata?"

"Anawafuata," alisema mtoto.

"Akiwafuata watageuka. Hajui kazi huyu."

"Na mwenye mali, alipiga yowe?"

Mtoto alinitazama. Nikasema kitabuni hakupiga. Alikwenda kutafuta peke yake. Darasa zima likaguna. Wazee wakatazamana. Mungu mkubwa, mwenye ng'ombe hamsini, anaibiwa na hapigi yowe, halafu anashangaa nyayo zinamchanganya? Kuanzia hapo, nilihisi, kesi ilikuwa imegeuka kidogo. Hata mwenyekiti alisema, bila kutaka, "Na mavi je? Kitabu kimesahau mavi." Nikasema ni kweli, mzee, nimesahau. Akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Tulipofika kwenye kile chombo cha gamba la kobe, mzee wa litungu alinyanyuka kwenye dawati akaja hadi pua yake ikagusa karatasi. Mikono miwili, kijiti cha kukingamia, nyuzi zikishuka hadi kwenye ngozi. "Hili ni litungu," alisema.

"Ni la Wagiriki, babu," nilimwambia.

"Nyuzi ngapi?"

"Wanasema saba."

"Letu lina nane. Wamepoteza mmoja njiani." Akageuka dirishani akamtuma mtu nyumbani kwake, mbio. Kesi ikasimama ikisubiri kielelezo.

Lilipoletwa alikaa kwenye kiti changu, akaligandamiza litungu kifuani, akakaza nyuzi, akapiga. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kusifu kundi linalorudi nyumbani limeshiba, wa kawaida kabisa, kila mtu aliujua. Mabega ya wazee yakaanza kucheza. Mchimbaji mmoja aliyetoka ng'ambo ya mpaka alipiga mluzi. Akina mama walidaka kiitikio kutoka madirishani, watoto wakaruka juu ya madawati, na mwalimu mkuu mpole yule akawa anatikisa kichwa macho yamefumba, amesahau matembele yake. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka. Nilikuwa mshtakiwa, na sijawahi kufurahi vile katika chumba hicho.

Mwenyekiti peke yake hakutikisika. Wimbo ulipokwisha, mpigaji alimwuliza akihema, "Haya. Wewe ungepokea hili ukaacha ng'ombe?"

"Hapana," alisema mwenyekiti.

"Hata mimi nikilipiga?"

"Hata wewe. Muziki ni mzuri. Lakini ng'ombe ni ng'ombe."

Wazee walinong'onezana, kisha wakatoa hukumu juu ya kichanga. Arudishe ng'ombe arobaini na wanane. Wale wawili aliowachinja alipe wengine wa umri uleule. Litungu atoe vilevile, kwa ajili ya aibu. Na baba aliyecheka barazani badala ya kusikiliza kesi atoe mbuzi. Wakaniambia nifute kurasa za mwisho niandike hivyo.

Hapo hasira zangu zikarudi, tena nilijua nazichochea mwenyewe. "Siwezi," nilisema. "Hadithi ni ya watu. Wao wameimaliza hivyo tangu kale. Nikiibadilisha nitakuwa nimewaibia."

"Kwa hiyo unasimama na mwizi," alisema mwenyekiti.

Neno lililofuata lilinitoka bila kupimwa. "Kurasa zao nitaziacha, mzee. Lakini nitaongeza ukurasa mmoja wa mwisho. Kichanga kinaletwa Kenyamonta. Mnakisikiliza ninyi, na hukumu yenu ninaiandika kama mlivyoitoa."

Mzee wa litungu alipiga paja kwa furaha. Wazee wengine wakaanza palepale kuulizana nani atachorwa ameketi wapi. Mwenyekiti aliwaacha wamalize. "Jumatatu nitauona huo ukurasa," alisema. "Nikiukataa, kinachomwa chote, na wewe utaondoka." Hakuna aliyembishia, kwa sababu mali ilikuwa yake na woga ulikuwa wake.

Nilichora Jumapili nzima. Nilitumia ukurasa wote kama kisanduku kimoja. Niliwachora wazee mstari mmoja kwenye viti vyao, mpigaji na litungu lake, nikamnyima meno kwa uaminifu. Kichanga nilikiweka katikati, kimesimama na nepi, kidole mdomoni. Mwenyekiti nilimpa fimbo na mabega mapana. Nyuma yao nikajaza ng'ombe hamsini, wazuri, wa kahawia, wote wanafanana, maana mkono ulikuwa umechoka.

Jumatatu alikuja kabla ya kengele. Wakati huo darasa lilikuwa limeshajaa, na wengine walikuwa wa madarasa yasiyo yangu. Niliweka karatasi juu ya meza. Aliitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma. Mjukuu wake alikuwa ameng'ata kola ya sare.

"Hawa ng'ombe ni wa nani?" aliuliza.

"Wa yule mungu wa Wagiriki, mzee."

"Sisi hatuwajui." Akaweka kidole juu yao. "Hatuwezi kukaa kuhukumu kesi ya ng'ombe tusiowajua. Futa."

Nilijua basi, yamekwisha. Nilichukua raba na kuanza kufuta, machozi yakinilengalenga kwa hasira na uchovu. Nilipofika katikati alivuta dawati, akakaa, akanyoosha miguu pembeni kwa kuwa haikuingia chini yake.

"Sasa chora wangu," alisema.

Alianza na fahali. Mweusi, baka jeupe chini ya koo, pembe ya kushoto imevunjika ncha. Nilichora. Akasema shingo ni nene kuliko hiyo, nikanenepesha. Wa pili alikuwa jike la kijivu lenye madoa kama ya kanga, lililozoea kuingia zizini la mwisho. Wa tatu, mwekundu, mvivu. Aliwaita mmoja mmoja kwa rangi na kwa tabia, na hakukosea, na kila mmoja alipokwisha kuchorwa aliinama kumwangalia kabla hajaruhusu mwingine. "Wageuze huku," alisema. "Wanakuja nyumbani. Nyayo ziende mbele." Watoto walikuwa wamezunguka meza, hakuna aliyesukumana. Kuna waliokuwa na zamu ya kuosha mchanga asubuhi hiyo, na hawakwenda.

Niseme hapa hapa nisije nikasahau: darasa la nne halikuunganishwa na darasa lolote, na mimi sikuhamishwa. Mwisho wa muhula waliitika hamsini na mmoja. Kwa wale saba waliobaki dhahabu ilinishinda, na bado nawakumbuka kwa majina.

Tulifika wa kumi na nne.

"Huyu alikuwa ndama," alisema mzee. "Alikuwa na siku nne tu. Mweupe, masikio meusi." Alijipangusa uso kwa kiganja, taratibu. "Pembe zake sizijui. Hazikuwa zimeota."

Niliinua penseli. Sikujua nifanye nini na kichwa cha ng'ombe huyo, na sikuthubutu kumtazama mwenye mali. Ndipo mjukuu wake akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi, "Mwalimu, mwekee pembe kubwa. Si miaka miwili sasa? Ameshakua."

Mzee alimgeukia. Nilidhani atamkaripia. Alicheka, kicheko kikavu kilichokaa bure muda mrefu, kikatoka kwa kukwama kisha kikafunguka chote, na darasa zima likacheka naye bila kujua kwa nini.

"Ameshakua," alisema. "Mwekee, mwalimu. Kubwa."

Nikaweka pembe zikapanda hadi zikatoka nje ya kisanduku, na yeye akanishikia karatasi isiteleze.